Komba: Sura Si Nasaba

Ndugu msomaji, ikiwa unakaa katika mji wowote wa mwambao wetu ambao bado una miembe na minazi, basi bila shaka umepata kukisikia kilio hiki. Watu wamekwisha sali Isha, taa zimepunguzwa, watoto wamelala, na mara sauti hutoka juu ya mti, kali na ya huzuni, kama ya mtoto mchanga aliyetupwa peke yake gizani. Mtoto aliyeamka hujivuta karibu na nyanya yake na kumwuliza, "Bibi, nani yule analia?" Na nyanya aliye mwema humjibu, "Lala mjukuu wangu, ni komba huyo, anawaita wenziwe." Lakini si nyanya wote wasemao hivyo. Wako wanaomtisha mtoto kuwa ni shetani, na asubuhi yake mtoto huyo hutoka na mawe mkononi kwenda kumtafuta huyo shetani juu ya mwembe.

Leo nataka tuizungumze habari ya komba: nani aliyempa jina, nani aliyempanga katika makundi ya wanyama, na ni mara ngapi wenye elimu walikosea katika kazi hiyo. Huenda ukasema, "Komba naye ana historia gani?" Nakuomba subira kidogo. Utaona kwamba habari ya mnyama huyu mdogo ni habari yetu sisi wenyewe, jinsi tunavyopenda kuhukumu kwa macho na jinsi tunavyochelewa kusikiliza.

MLEVI KAMA KOMBA

Tuanze nyumbani. Katika Kiswahili, mtu anapozidi kunywa husemwa kuwa ni mlevi kama komba. Asili ya msemo huo ni mgema. Mgema hupanda mnazi, akakata kilele cha karara, akafunga kibuyu chake, akashuka. Maji yale yatokapo karara huwa matamu, lakini hayakai muda mrefu ila huchacha yenyewe yakawa tembo. Usiku komba hupita, husikia harufu ya utamu, akatia mdomo. Na asubuhi mgema akikuta kibuyu kimepungua, mwenye makosa amekwisha julikana.

Tazama basi hukumu ilivyo. Aliyepanda mnazi kwa kukusudia, akakata, akafunga, akauza, huyo ni mfanyabiashara. Aliyepita njia yake usiku akaonja kitu kitamu asichokijua, huyo ndiye mlevi aliyeingia katika misemo ya lugha. Mnyama hana akili ya kupambanua halali na haramu, wala hataulizwa. Mwenye akili ni yule aliyekitundika kibuyu. Hata hivyo jina baya limemganda komba kwa vizazi na vizazi, na ukimwuliza mtu leo anajua nini juu ya mnyama huyu, mara nyingi hana zaidi ya hilo moja.

Kwa hakika komba ana kazi kubwa zaidi ya hiyo. Hula matunda, wadudu na utomvu wa miti. Huingia katika maua ya mbuyu yanayofunguka usiku akanywa asali yake, na manyoya ya uso wake yakabeba vumbi la maua kutoka ua moja hadi jingine. Popo ndio wafanyakazi wakubwa wa shughuli hiyo, lakini mwaka 1965 watafiti wawili waliandika katika jarida la wanyama la Afrika Mashariki kwamba komba naye ana fungu lake katika kuzalisha mbuyu. Basi yule tunayemwita mlevi huenda ana mkono wake katika ule ubuyu tunaowanunulia watoto wetu.

KUPANGA WANYAMA

Kazi ya kuwaandika wanyama na kuwapanga haikuanza Ulaya. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 255 wa Hijra, aliandika kitabu kikubwa juu ya wanyama, akakusanya ndani yake habari za wahenga na mambo aliyoyaona kwa macho yake, na mara nyingi akayatilia shaka yale yaliyosemwa bila ya ushahidi. Baada yake alikuja al-Damiri wa Misri, aliyefariki mwaka 808 wa Hijra, naye akawapanga wanyama kwa herufi za majina yao kama kamusi. Kupanga kwa herufi kunamsaidia msomaji kukipata anachokitafuta, lakini hakumwambii nani ni ndugu ya nani.

Suala la udugu lilishikwa kwa nguvu na Carl Linnaeus, mwanachuoni wa Sweden. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1758 alimpa kila mnyama majina mawili ya Kilatini, la kwanza kama la ukoo na la pili kama la mtu mwenyewe, na njia hiyo ndiyo inayotumika duniani hadi leo. Wanyama wenye mikono ya kushika aliwatia katika kundi moja aliloliita primati. Humo aliwaweka kima na nyani, na binadamu pia kwa upande wa umbo la mwili. Humo humo akamtia popo, jambo ambalo baadaye lilionekana kuwa ni kosa, na popo akatolewa.

Linnaeus hakumjua komba wetu. Lakini aliwajua wanyama wa usiku wanaofanana naye kutoka Asia na kutoka Bukini, yaani Madagascar, na ukoo wao akauita Lemur. Unajua maana ya jina hilo? Warumi wa kale walikuwa na imani ya mizimu ya wafu inayotembea usiku, nao wakiiita "lemures". Basi yule mwanachuoni mkubwa wa Ulaya, alipowatazama wanyama hawa wenye macho makubwa na mwendo wa usiku, alifikiri mizimu, sawasawa na yule nyanya wa kwetu anayemtisha mjukuu wake. Usidhani kuwa dhana ni ugonjwa wa wasiosoma peke yao.

WAWILI WALIODANGANYA MACHO

Kabla hatujarudi kwa komba, nataka nikuonyeshe wanyama wawili wa usiku ambao habari zao zitatufungulia mlango. Mmoja alionekana si ndugu naye ni ndugu. Wa pili alionekana ni ndugu naye si wa karibu.

Wa kwanza ni yule wa Bukini aitwaye "ayeaye". Ni mnyama mweusi, mwenye masikio mapana, mwenye kidole cha kati kirefu chembamba kama sindano ya kufumia, anachokitumia kugonga magogo na kuchokoa mabuu. Meno yake ya mbele hayaachi kukua, kama ya panya. Wataalamu wa Ulaya walipoletewa habari zake katika miaka ya 1780, walitazama meno yale, na mwaka 1788 akaandikwa katika vitabu kuwa ni aina ya kindi. Wengine walipinga, na mabishano yakaendelea muda mrefu. Ilipofika mwaka 1863, Richard Owen wa London aliuchunguza mwili wake sehemu kwa sehemu, akathibitisha kuwa ni jamaa wa wale wa ukoo wa Lemur na hana udugu wowote na kindi wala panya. Meno yalikuwa yamewadanganya kwa miaka zaidi ya sabini. Na huko kwao Bukini, vijiji vingi vilimwona kuwa ni nuksi, akionekana huuawa, kwa sababu tu ya sura yake.

Wa pili ni "tarsia", anayekaa katika visiwa vya Indonesia na Ufilipino. Ni mdogo, hutoka usiku, huruka kutoka mti hadi mti kwa miguu mirefu, na macho yake ni makubwa hata kila jicho hukaribia ukubwa wa ubongo wake. Mweke karibu na komba mdogo utasema ni watoto wa tumbo moja. Lakini mwaka 1918 mtaalamu wa Kiingereza, Reginald Pocock, alionyesha kuwa tarsia ni wa upande wa kima na nyani. Alama zenyewe hazitafuti darubini. Komba ana pua yenye majimaji kama ya mbwa, tarsia ana pua kavu. Ukimmulika komba kwa tochi macho yake hung'aa kama makaa, kwa kuwa nyuma ya jicho ana utando unaorudisha mwanga kama kioo. Tarsia hana utando huo. Ndiyo maana yeye macho yake yamekuwa makubwa kupita kiasi, apate kuukusanya mwanga ule mdogo wa usiku.

Naam, huyu wa Bukini alihukumiwa kwa meno na huyu wa Indonesia kwa macho, na hukumu zote mbili zikatenguliwa.

KUTOKA SENEGAL HADI JAMBIANI

Sasa turudi kwa komba mwenyewe. Mzungu wa kwanza kumtia komba katika vitabu vya elimu kwa jina lake la leo alikuwa ni Mfaransa, Étienne Geoffroy Saint-Hilaire, mwaka 1796. Mnyama aliyemwandika ni yule mdogo wa Senegal, naye alimtegemea Mfaransa mwenziwe, Michel Adanson, aliyekaa Senegal katikati ya karne ya 18 akikusanya mimea na wanyama. Jina la ukoo likawa Galago. Na huyu Adanson ndiye ambaye mbuyu umepewa jina lake la Kilatini, Adansonia. Basi mti na mgeni wake wa usiku wamekutana hata katika vitabu.

Mwaka 1812 Geoffroy huyo huyo alimwandika komba mkubwa mwenye mkia mnene. Mwaka huo huo akawakusanya primati wenye pua za majimaji akawapa kundi lao pekee, nalo ndilo analohesabiwa komba hadi leo pamoja na wale wa Bukini.

Kisha ikaja zamu ya mwambao wetu. Mwaka 1838 William Ogilby wa Uingereza alimpa jina komba ambaye leo huitwa kwa Kilatini Otolemur garnettii. Neno Otolemur maana yake ni mzimu wa masikio. Huyu ndiye komba mkubwa tunayemsikia usiku Unguja, Pemba, Mafia na pwani ya bara, mwenye uzito uzidio nusu kilo na aghalabu usiofika kilo moja. Mwaka 1893 Paul Matschie, wa jumba la makumbusho la Berlin, aliandika habari za komba mwingine, mdogo sana, mwenye uzito wa gramu 150 hivi, aliyepatikana Jambiani katika kisiwa cha Unguja. Akamwita zanzibaricus, yaani wa Zanzibar. Na mwaka 1912 Mmarekani Edmund Heller alimwandika komba mdogo wa Mazeras, nyuma ya Mombasa, akampa jina la cocos, jina linalotukumbusha minazi.

Lakini fikiri, ndugu msomaji, kazi hiyo ilifanywa vipi. Mnyama hupigwa risasi au hunaswa, huchunwa, ngozi yake hukaushwa, fuvu lake likasafishwa, vyote vikatiwa sandukuni vikasafirishwa kwa meli. Mtaalamu alikaa Berlin au London, mchana, karibu na dirisha, akaipima ngozi kavu na kuitazama rangi yake. Mnyama wa usiku akatazamwa mchana, na mnyama wa sauti akatazamwa akiwa kimya. Wengi katika waliompa komba majina hawakupata kumsikia akilia hata mara moja.

KALAMU ILIYOFUTA

Matokeo yake hayakuchelewa. Ngozi zilizidi kurundikana, na kila ngozi yenye rangi tofauti kidogo ikapewa jina, hata majina yakawa mengi kupita kiasi. Mwaka 1931 Ernst Schwarz, mtaalamu wa Kijerumani, aliamua kusafisha. Aliyachukua majina yale akayapunguza mno, akabakisha aina chache tu za komba kwa Afrika nzima. Komba mdogo wa Unguja akahesabiwa kuwa ni tawi tu la yule wa Senegal, ng'ambo ya pili ya bara. Komba mkubwa wa mwambao naye akaunganishwa na yule mwenye mkia mnene wa kusini.

Tusimlaumu kupita mpaka. Alikuwa na sababu yake, kwani ukiziweka ngozi zile juu ya meza moja, kwa kweli hazitofautiani sana. Wengi waliomfuata waliukubali mpango huo kwa miaka arubaini hivi. Na sisi pia tusijione bora, kwani wengi wetu mkubwa na mdogo wote tuliwaita komba, tukaishia hapo.

Kosa halikuwa katika mkono wa Schwarz wala katika macho yake. Kosa lilikuwa katika swali lenyewe. Aliuliza, "Wanyama hawa wanafananaje machoni mwangu?" Hakuwa na njia ya kuuliza, "Wao wenyewe hujuanaje?"

WALIOKWENDA KUSIKILIZA

Swali hilo la pili lilianza kuulizwa katika miaka ya 1970, pale baadhi ya wataalamu walipoacha meza za makumbusho wakaingia msituni usiku. Mmoja aliyejulikana sana kwa kazi hii ni Mwingereza Simon Bearder. Yeye na wenziwe walichukua tochi na mashine za kunasia sauti, wakakaa gizani na mbu wao, wakasikiliza.

Walilolitambua ni jambo dhahiri ukiisha kuambiwa. Mnyama wa mchana humjua mwenziwe kwa rangi, na ndiyo maana ndege wengi na kima hupambika kwa rangi mbalimbali. Lakini mnyama wa usiku rangi itamfaa nini? Gizani manyoya yote ni kijivu. Komba humjua komba kwa sauti na kwa harufu. Dume huita, na jike wa aina yake huujua wito huo akauitikia, na wa aina nyingine hupita kana kwamba hakusikia kitu. Kwa hiyo komba wawili waweza kuvaa kanzu moja ya kijivu na huku hawaoani wala hawajuani, kama watu wawili waliovaa kanzu na kofia za namna moja sokoni, mmoja Mgunya na mmoja Mngazija. Ukitaka kumjua kila mmoja, msubiri aseme.

Bearder na Paul Honess walipita katika misitu mingi ya Tanzania wakikusanya milio ya komba wadogo, na mwaka 1996 wakatoa maelezo yao. Yule wa Unguja, ambaye yuko pia katika misitu ya bara, hulia kwa sauti za moja moja zinazofuatana. Yule wa misitu ya Lindi hulia kwa sauti za mbili mbili. Yule wa milima ya Uluguru ana mlio wake. Yule wa pwani ya Kenya mlio wake huenda ukiongezeka. Mahali ambapo vitabu viliona aina moja, masikio yalihesabu kadhaa. Mwaka 2006 wataalamu walimrudishia komba wa Mazeras jina lake la cocos, alilopewa mwaka 1912 kisha likazikwa. Zanzibaricus naye alikwisha kupata nafasi yake mwenyewe, na komba wetu mkubwa alikwisha tenganishwa na yule wa kusini. Leo aina za komba zinazotambuliwa katika Afrika zinakaribia ishirini.

UDOGO SI UDUGU

Hata hivyo palibaki kosa moja. Komba wote wadogo kabisa, wa mashariki na wa magharibi ya Afrika, walikuwa wametiwa katika ukoo mmoja uitwao Galagoides, kwa sababu tu wote ni wadogo. Ilipopatikana njia ya kuisoma nasaba ndani ya chembe za mwili, ilionekana kwamba wadogo wa mwambao wetu na wadogo wa misitu ya Kongo na magharibi walitengana zamani sana, na kwamba komba wetu wadogo wako karibu zaidi kwa nasaba na wale wa Senegal kuliko na hao waliofanana nao. Mwaka 2017 Judith Masters na wenziwe walipima mafuvu, milio na nasaba kwa pamoja, wakawapa wadogo wa mashariki ukoo wao wenyewe, Paragalago. Basi komba mdogo wa Jambiani leo jina lake kamili ni Paragalago zanzibaricus.

Watu wa mwambao hawahitaji kufundishwa maana ya jambo hili. Sisi ni watu wa nasaba. Tunajua kuwa watu wawili waweza kufanana kama sarafu mbili wasiwe na babu mmoja, na ndugu wa baba na mama wakaachana kwa rangi na kimo hata mgeni asiamini. Tunajua pia kuwa asiyejua nasaba ya watu asiwaozeshe wala asiwarithishe. Ikiwa twajua hivyo kwa watu, kwa nini tulishangaa kwa wanyama?

ALIYEPATA JINA MSITU UKIISHA

Sasa nifikie lililonifanya nishike kalamu. Huenda mtu akasema, "Majina ya Kilatini yana faida gani kwangu mimi?" Jibu ni huyu komba wa Lindi.

Anaitwa komba wa Rondo, kwa jina la uwanda wa Rondo katika mkoa wa Lindi. Uzito wake ni gramu 60 hivi, sawa na yai la kuku, na mkia wake una manyoya yaliyosimama kama brashi ya kusafishia chupa. Katika jamii yote ya komba hakuna aliye mdogo kumshinda. Maelezo yake yalitoka mwaka 1996, na jina lake likatiwa katika kitabu cha wanyama wa Afrika cha mwaka 1997, kitabu cha Jonathan Kingdon aliyezaliwa Tabora. Huyu hakugunduliwa katika nchi isiyofikika. Watu wamekaa karibu na misitu hiyo karne nyingi, na mojawapo ya misitu alimoonekana ni ile ya Pugu na Kazimzumbwi, karibu kabisa na jiji la Dar es Salaam. Alikuwa akiita kila usiku, sauti mbili mbili, na hakuna aliyejua kuwa huyo ni wa peke yake.

Na alipojulikana, makao yake yalikuwa yamekwisha. Misitu yote aliyopatikana, ukiijumlisha pamoja, haizidi sana kilomita za mraba mia moja, nayo imetawanyika vipande vipande kutoka Lindi na Mtwara hadi kaskazini ya Dar es Salaam. Mwaka 2006 alitiwa katika orodha ya primati 25 walio hatarini zaidi duniani. Kinachommaliza si bunduki. Ni shoka, ni shamba, na ni tanuri la mkaa. Na mkaa huo hauchomwi kwa ajili ya mchomaji peke yake. Huingia mjini kwa magunia, ukauzwa kwa kopo, ukapikiwa wali katika majiko yetu mimi na wewe.

Simwambii mtu asipike. Mwenye familia lazima apike, na mchomaji mkaa naye ana watoto. Lakini angalia jinsi ujinga unavyofanya kazi. Kwa muda wote komba wadogo walipohesabiwa kuwa ni aina moja iliyoenea kutoka Senegal hadi Unguja, hakuna aliyekuwa na sababu ya kuhofu. Msitu mmoja ukikatwa, mtu angesema, "Komba wako tele mahali pengine." Kumbe wa mahali pengine ni wengine. Lau kalamu ile ya mwaka 1931 isingetenguliwa, komba wa Rondo angeweza kutoweka na tusiwe na hata neno la kusema nani ametoweka. Asiye na jina hana wa kumdai.

MWISHO WA MANENO

Basi, ndugu msomaji, tumwangalie tena yule mtoto aliyeamka usiku. Tumefunzwa kuwa wanyama nao ni umma mbalimbali, na tumekatazwa kuifuata dhana. Komba amedhaniwa mlevi, amedhaniwa mzimu, amedhaniwa tawi la mwingine, na kila mara kosa lilitoka kwa yule aliyeridhika na alichokiona, akaona uvivu kusubiri asikie. Na ikiwa tumemfanyia hivyo mnyama asiye na ulimi wa kujitetea, tujiulize ni mara ngapi tumemfanyia hivyo jirani mwenye ulimi. Mtu amepita karibu na nyumba ya pombe tukamwita mlevi. Mtu ana uso mkavu tukamwita mwenye kiburi. Mgeni amevaa kama watu wa mahali fulani tukamtia katika kundi lao na makosa yao, bila ya kumwuliza hata jina la baba yake.

Usiku wa leo, kilio kile kikitoka mwembeni, usimwambie mtoto kuwa ni shetani. Mchukue mkono mtoke barazani, mnyamaze nyote wawili. Mwambie asikilize je, ni sauti moja au ni mbili, inapanda au inashuka, na iko wapi inayoiitikia. Kisha mwambie kuwa walikuwako wanavyuoni wakubwa waliokosea kwa miaka mingi kwa sababu hawakupata kusimama hapo aliposimama yeye. Atarudi kulala akiwa amepata elimu, na asubuhi hataokota jiwe.